Taa Inawaka, Data Haipiti

Kwa miaka mingi, mtu wa Mbaha aliyehitaji kadi ya mtandao ya kompyuta alianza kwa kuulizia gari. Kata ya Mbaha iko kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini ya Lituhi, katika eneo lililokuwa chini ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Kadi, kama ilipatikana, ilikuwa Mbinga mjini, juu kwenye milima ya Wamatengo. Ikikosekana huko, safari iliendelea kilomita zipatazo 100 nyingine hadi Songea, na mvua zikichachamaa hata gari lenyewe halikuwa na uhakika. Kung'oa kadi nzima isiyo na ubaya wowote, au kurudi na kadi mpya ambayo mfumo endeshi hauitambui, lilikuwa kosa la kuwanyima watu mtandao hadi nauli nyingine ipatikane.

Katika mazingira hayo fundi mmoja, mzaliwa wa hukohuko ziwani, alijenga desturi ambayo wenzake wa Dar es Salaam, wenye maduka ya vipuri mtaa wa pili, wangeweza kukaa miaka bila kuihitaji. Kabla ya kugusa waya, kabla ya kununua chochote, draiva iulizwe kwanza inaona nini.

Draiva ya kadi ya mtandao ni programu inayoishi ndani ya mfumo endeshi na kujua lugha ya aina moja ya kadi, au ukoo mmoja wa kadi. Mfumo endeshi wenyewe husema tu "tuma pakiti hii". Draiva ndiyo inayojua ni rejista ipi iandikwe namba gani ili pakiti itoke, ndiyo inayoitengea kadi foleni ya nafasi kwenye kumbukumbu kwa ajili ya mizigo inayoingia, na ndiyo inayoitika kadi inapokikatiza kichakataji kazi kukijulisha kwamba kuna kitu kimefika. Kadi mbili zinaweza kufanana kwa umbo, tundu na rangi, lakini kila moja ikataka draiva yake. Ndiyo maana mtu hawezi kuingia dukani na kuomba "draiva ya netiwaki" akadhani amemaliza.

Fundi huyo alilijifunza hilo Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye meza za kutengenezea kompyuta za mtumba. Zilikuja kutoka Ulaya bila CD zake. Ukifungua boksi la kwanza unakuta kadi ya 3Com, la pili Intel, la tatu Realtek, na Windows ya wakati ule inakuonyesha alama ya kuuliza ya njano bila kusema zaidi. Wengi walijaribu CD moja baada ya nyingine kwa kubahatisha. Wachache walijua kwamba kila kadi ya PCI hubeba namba mbili ndani yake, moja ya mtengenezaji na nyingine ya kifaa, na kwamba namba hizo zinasomeka hata kabla draiva haijapatikana. 8086 ni Intel, 10b7 ni 3Com, 10ec ni Realtek. Kwenye Linux amri ya `lspci -nn` huzitoa. Kwenye Windows zinakaa ndani ya Device Manager, katika maelezo ya kifaa. Aliyeziandika namba hizo kwenye karatasi kabla ya kwenda intaneti kafe kupakua draiva alirudi na faili moja sahihi. Asiyeziandika alirudi na flashi iliyojaa faili na tatizo lilelile.

Kadi aliyokutana nayo kuliko zote ilikuwa ya Realtek yenye chipu ya 8139. Wataalamu hawakuipenda. Ilikuwa na nafasi nne tu za kutuma pakiti, na ilitaka data ipangwe kwenye kumbukumbu kwa namna yake, hivyo mara nyingi draiva ililazimika kunakili pakiti nzima kabla ya kuituma na kukichosha kichakataji. Bill Paul, aliyeandika draiva yake kwa mfumo wa FreeBSD, aliacha ndani ya msimbo maelezo marefu ya kuilalamikia kadi hiyo. Fundi wa Mbaha aliipenda hata hivyo, na hoja yake ina uzito: karibu kila mfumo endeshi wa wakati ule uliitambua bila kuulizwa. Mahali ambapo duka liko mbali, kadi inayojulikana na kila mfumo ina manufaa kuliko kadi ya kasi inayodai CD yake.

Kuna mtu ambaye mafundi wa Afrika Mashariki wana deni kwake bila wengi kumjua jina. Donald Becker alikuwa mhandisi kwenye kituo cha NASA cha Goddard, Marekani. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta za kawaida za dukani zifanye kazi pamoja kama kompyuta moja kubwa, mradi walioupa jina Beowulf. Ili zifanye hivyo kwa bei nafuu zilihitaji kadi nafuu za mtandao, na kadi hizo zilihitaji draiva za Linux. Becker aliandika nyingi kati ya hizo: za NE2000, za 3Com, za chipu za DEC. Zikaingia kwenye kiini cha Linux, zikasambazwa bure, na miaka kadhaa baadaye zikawa zinawasha kompyuta za mtumba Kariakoo bila CD yoyote. Huo ni mfano mzuri wa faida ya msimbo kuwa wazi, kwa sababu mwandishi wake hakuhitaji kujua kwamba Kariakoo ipo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 2000 fundi alirudi kwao kusaidia shule moja ya mwambao kufunga maabara ya kompyuta. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, magazeti yakaandika juu ya kasi mpya ya intaneti, lakini kasi hiyo ilikuwa bado haijashuka hadi ziwani. Gridi ya taifa ya umeme nayo ilifika Songea mwaka 2018 tu, kwa njia kubwa ya kutoka Makambako. Maabara ikaendeshwa kwa sola na jenereta. Kitovu chake kilikuwa seva moja iliyobeba vitabu, masomo na mazoezi, ili wanafunzi wasome bila kutegemea intaneti. Seva ilikuwa na kadi mbili: moja iliyoelekea kwenye swichi ya maabara, nyingine iliyoelekea kwenye modemu ya nje.

Radi ndiyo iliyotoa somo la kwanza. Mwambao wa Nyasa una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, na ngurumo zake si za kuigiza. Usiku mmoja radi iliingia kwa waya wa nje na kuua kadi iliyoelekea kwenye modemu. Ikaletwa kadi nyingine ya aina ileile, chipu ileile, draiva ileile. Mashine ikawaka, draiva ikaitambua kadi, taa ikawaka, lakini upande ule hakuna kilichopita.

Sababu ilikuwa kwenye jina. Linux ya miaka hiyo iliziita kadi kwa mpangilio, `eth0`, `eth1` na kuendelea, na ili majina yasibadilike kila mashine inapowashwa, Debian na ndugu zake waliandika kwenye faili, `70-persistent-net.rules`, anwani ya kila kadi na jina lake. Kila kadi ya Ethaneti ina anwani yake ya biti 48 iliyopewa kiwandani. Kadi mpya ilikuja na anwani mpya, mfumo ukaiona kuwa ni mgeni, ukaipa jina linalofuata, `eth2`. Mipangilio yote ya mtandao ilikuwa imeandikwa kwa jina la `eth1`, kadi ambayo sasa ilikuwa imeungua na kutupwa. Kwa hiyo mfumo uliendelea kuisubiri kadi iliyokufa, na kadi hai ikakaa bila kazi. Dawa ilikuwa kufuta mstari mmoja wa zamani na kurekebisha jina kwenye mstari mpya.

Baadaye, mwanzoni mwa 2013, watengenezaji wa systemd, programu inayosimamia uwashaji wa mifumo mingi ya Linux, walikuja na njia nyingine: kadi iitwe kwa mahali ilipochomekwa, kama `enp3s0`, yaani basi la tatu, nafasi ya sifuri. Majina hayo yaliwaudhi wengi kwa ugumu wake. Kwa mtu anayebadilisha kadi iliyopigwa radi yana faida iliyo wazi, kwani kadi mpya ikikaa kwenye nafasi ileile hurithi jina lilelile na mipangilio yake yote. FreeBSD tangu zamani ilishika njia ya tatu, kuita kadi kwa draiva yake: `rl0` kwa Realtek, `fxp0` kwa Intel, `xl0` kwa 3Com. Vijana waliopitia warsha za AfNOG, umoja wa waendeshaji mitandao wa Afrika ulioanza mafunzo yake Cape Town mwaka 2000 na kuyaleta Dar es Salaam mwaka 2011, wanayakumbuka majina hayo. Yana uzuri wake: ukiona jina, umeshajua draiva.

Tatizo lililomchosha fundi kuliko yote halikuwa na dalili ya kifo. Swichi mpya ilikuwa imefungwa na watu waliopita kabla yake. Taa zote zilikuwa za kijani. Ping kutoka kompyuta yoyote kwenda seva ilijibu mara moja bila kupoteza pakiti. Lakini mwanafunzi akifungua video ya somo, au mwalimu akinakili faili kubwa, kasi ilianguka hadi kuwa mbaya kuliko ya modemu ya simu.

"Mwanangu, taa si inawaka?" aliuliza mkuu wa shule.

"Inawaka, mwalimu. Inasema waya umefika. Haisemi wamekubaliana nini."

Ili kuelewa jibu hilo inabidi kurudi nyuma kidogo. Ethaneti ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs, kwenye maabara za Xerox huko California. Wazo lake kubwa lilichotwa kwenye mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii uliounganisha visiwa, ALOHAnet. Visiwa vyote vilitumia njia moja ya kusemea. Kwa kanuni ya Ethaneti, mwenye neno husikiliza kwanza. Kukiwa kimya husema. Wawili wakisema kwa pamoja, hunyamaza, kila mmoja husubiri muda wa kubahatisha, halafu hujaribu tena. Ni kama barabara nyembamba ya kushuka mlimani, ambapo gari moja hulazimika kupisha jingine. Swichi zilipokuja, kila kompyuta ikapata waya wake, na ndani ya waya huo kukawa na jozi ya kwendea na jozi ya kurudia. Hapo hakuna tena haja ya kupishana: pande mbili zinaweza kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Hali ya kwanza, ya kupokezana zamu, ni nusu dupleksi. Ya pili ni dupleksi kamili.

Nani anaamua hali ipi itumike? Kanuni za mwaka 1995, zilizoleta Ethaneti ya megabiti 100, zilizipa kadi na swichi njia ya kujadiliana zenyewe. Waya unapochomekwa, kila upande hutuma mapigo mafupi ya umeme kutangaza unachoweza, kisha pande zote huchagua hali bora wanayoiweza kwa pamoja. Vifaa vya mwanzo vilijadiliana vibaya, na mafundi wa miaka ya 1990 walishauriana kuyazima majadiliano na kuweka kasi kwa mkono. Ushauri huo uliishi muda mrefu kuliko sababu yake, ukafika hadi Mbaha.

Waliofunga swichi walikuwa wameibana poti ya seva: megabiti 100, dupleksi kamili, majadiliano yamezimwa. Seva yenyewe iliachwa ijadiliane. Ikatuma mapigo yake, ikakosa jibu. Katika hali hiyo kadi inaweza kuitambua kasi kwa kuusikiliza umeme wenyewe, lakini dupleksi haiwezi kuitambua kwa namna hiyo, na kanuni inaiagiza ishike nusu. Upande mmoja ukawa unasema wakati wowote upendao, upande wa pili ukawa unasubiri zamu na kila ukisikia mwenzake anasema unadhani kumetokea mgongano.

Mwambao huu una kisa cha kweli cha namna hiyo. Agosti 1914, Waingereza wa Nyasaland walipata habari kwamba vita imeanza Ulaya. Nahodha Rhoades akavuka ziwa na meli yake ya Gwendolen hadi Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake, akaipiga mizinga meli yao, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, rafiki yake wa siku nyingi, alimwendea akiwa amejaa hasira kumuuliza ana nini. Upande wake ulikuwa haujapata habari. Upande mmoja wa ziwa ulikuwa vitani na wa pili ulikuwa bado kwenye amani, na kila upande ulifuata kwa uaminifu kanuni za hali uliyoijua.

Ping hufaulu katika mvurugano huo kwa sababu ni ndogo na ina adabu: inatuma pakiti moja, inasubiri jibu, hakuna cha kugongana nacho. Faili kubwa humimina pakiti huku uthibitisho wa kupokelewa ukirudi kinyume, na hapo ndipo migongano inapoanza. Mgongano unaotokea baada ya baiti 64 za kwanza kadi huuita wa kuchelewa, na haijisumbui kurudia pakiti hiyo. Kazi ya kurudia huachiwa itifaki ya TCP, ambayo hutafsiri upotevu kuwa ni msongamano na kupunguza mwendo zaidi. Ndiyo maana kasi haipungui kidogo, inaporomoka.

Yote haya yameandikwa ndani ya mashine. Amri ya `ethtool eth0`, programu iliyoanzishwa na David Miller mwishoni mwa miaka ya 1990, ilionyesha wazi: kasi 100, dupleksi nusu. `ethtool -S eth0` ilitoa hesabu zilizowekwa na draiva, na ya migongano ya kuchelewa ilikuwa inapanda kila faili iliponakiliwa. Upande wa swichi, makosa ya CRC nayo yalikuwa yanapanda, yaani pakiti zilizofika zikiwa zimekatika. Alama hizo mbili zikionekana pamoja, migongano ya kuchelewa huku na makosa ya CRC kule, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Fundi alirudisha majadiliano kwenye poti ya swichi, na siku hiyohiyo video zikaanza kutembea.

Angeweza pia kuibana seva kwa mkono ilingane na swichi, kwa `ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off`. Lingefaulu siku hiyo. Lakini siku mtu mwingine atakapobadilisha swichi, ugonjwa ungerudi ukiwa umegeuka upande, na huenda hakuna ambaye angekumbuka kwamba seva imebanwa. Zaidi ya hapo, amri ile hupotea mashine ikizimwa isipoandikwa kwenye faili la mipangilio, na kwenye maabara inayoendeshwa kwa jenereta mashine huzimwa kila jioni. Makala haya yanasimama upande wa fundi: panapowezekana pande zote mbili ziachwe zijadiliane, na anayelazimika kubana upande mmoja abane na wa pili papo hapo, aandike alichofanya. Kwenye Ethaneti ya gigabiti juu ya waya wa shaba hata mjadala wenyewe umefungwa, kwani kanuni zake zinataka majadiliano yawepo.

Gigabiti ilileta shida yake. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu kati ya nne za kebo, nyaya za 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutaka jozi zote nne. Kebo iliyogugunwa na panya kwenye jozi ya nne inaweza kuwa imefanya kazi miaka bila lawama, halafu siku kadi mpya zinapoingia, mambo yanaharibika. Kadi zinajadiliana kwenye jozi zilizo nzima, zinakubaliana gigabiti, zinajaribu, zinashindwa, zinaanza upya. Kumbukumbu za kiini cha mfumo hujaa mistari ya kiungo kuwaka na kuzimika. Anayeilaumu draiva hapo anailaumu bure, maana ndiyo pekee inayosema ukweli. Suluhisho ni kebo mpya, isiyozidi mita 100, na wakati wa kuisubiri kutoka Songea kadi inaweza kuambiwa itangaze megabiti 100 tu katika majadiliano yake. Hivyo haizimi majadiliano; inapunguza tu ahadi.

Kuna mtego mwingine ambao watu wa mjini hawaufikirii. Kompyuta mpya, mfumo endeshi mpya, kadi ya mtandao ambayo mfumo hauna draiva yake. Ujumbe unasema draiva ipakuliwe kwenye intaneti. Intaneti ingepita kwenye kadi ileile isiyo na draiva. Siku hizi simu hutoa msaada: ukiichomeka kwa waya wa USB na kuiruhusu kugawa intaneti, mfumo endeshi mara nyingi huiona kama kadi ya mtandao, na draiva ya kadi hiyo ya simu tayari imo. Kabla ya simu hizo, fundi alibeba mkobani kadi moja ya zamani ya Realtek 8139. Aliichomeka, mfumo ukaitambua, akavuta draiva ya kadi mpya kutoka kwenye seva, kisha akaichomoa na kuendelea na safari.

Anapokuwa mbali, kazi hubadilika sura. Siku nyingi fundi yuko Songea, seva iko Mbaha, na anaiongoza kwa SSH kupitia kiungo kilekile anachotaka kukirekebisha. Amri moja mbaya kwenye kiolesura cha mtandao na mlango aliopitia unajifunga, naye yuko nje. Hapo ndipo nidhamu yake inapostahili kuigwa na kila anayesimamia mashine za vijijini. Kabla ya badiliko, huiagiza mashine ijiwashe upya baada ya dakika 10: `shutdown -r +10`. Kisha hufanya badiliko kwa amri ya papo hapo, bila kuliandika kwenye faili. Likifaulu na SSH ikaendelea kupumua, hufuta agizo la kujiwasha na ndipo huandika mpangilio kwenye faili. Likishindwa, mashine hujiwasha, husoma faili la zamani na kurudi ilivyokuwa. Ruta kubwa za kibiashara zina utaratibu wa aina hiyohiyo uliojengwa ndani yake. Seva ya kawaida mara nyingi haina, lakini inaupata kwa mistari miwili.

Mwalimu wa zamu huwa kwenye simu wakati huo. Seva ina matundu mawili yanayofanana, na kumwambia mtu "chomoa waya wa juu" ni kubahatisha. Fundi hutumia `ethtool -p`, amri inayoiambia draiva ipepese taa ya kadi moja, kwa kadi zenye uwezo huo.

"Mwalimu, shikamoo. Angalia nyuma ya seva, taa ipi inapepesa?"

"Marahaba. Ya kushoto, karibu na dirisha."

"Basi hiyo usiiguse kabisa. Chomoa ya pili."

Kwa kuwa draiva hukaa ndani kabisa ya mfumo, kasoro jirani yake inaweza kuumiza hata chuma. Septemba 2008 watu waliokuwa wakijaribu toleo la Linux lililokuwa linaandaliwa, 2.6.27, walianza kupoteza kadi za Intel zilizotumia draiva ya e1000e. Kumbukumbu ya kudumu ndani ya kadi ilikuwa imeandikwa upuuzi, na kadi ikawa haitambuliki. Lawama zilimwangukia moja kwa moja mwandishi wa draiva. Uchunguzi ulionyesha mkosaji ni mwingine: zana ya kufuatilia utendaji wa kiini, ftrace, ilikuwa inaandika kwenye anwani za kumbukumbu ambazo msimbo wake wa awali ulishaondolewa na nafasi yake kupewa kadi ya mtandao. Sehemu hiyo ya ftrace ilizimwa kwenye toleo la 2.6.27.1, na Intel ikaongeza kinga ili kumbukumbu ya kadi isiandikike ovyo.

Habari hiyo ilimfika fundi kwa kuchelewa, lakini ilibadilisha ratiba yake. Seva ya Mbaha haipewi kiini kipya katikati ya muhula. Shule ikifungwa, kompyuta moja ya maabara yenye kadi ileile ya seva ndiyo hupewa toleo jipya kwanza. Hunakiliwa faili kubwa kwenda na kurudi, hesabu za draiva husomwa kabla na baada, na toleo la draiva lililoonyeshwa na `ethtool -i` huandikwa kwenye daftari la maabara pamoja na tarehe. Likizo ikikaribia kwisha bila hitilafu, zamu ya seva inafika, na kiini cha zamani kinaachwa kwenye orodha ya kuwashia, ili mwalimu wa zamu aweze kukichagua kwa mkono wakati fundi yuko Songea.